Sifa za Meneja

Juzi nilihudhuria mkutano wa chama kimoja cha ushirika wa kahawa huku Mbozi. Afisa ushirika, kijana mpole aliyetoka Vwawa, alifungua fomu akasema, "Naomba mnitajie sifa za meneja wenu."

Bibi mmoja alisimama, akakaza kitenge chake. "Mwanangu, huyu hana majivuno. Aking'ata punje moja tu anajua kahawa haijakauka, na anakurudisha nyumbani ukaianike bila kukuaibisha."

Mzee aliyekaa karibu naye akaongeza, "Tukifiwa, anafika kabla ya mchungaji."

Watu wakapiga makofi. Afisa hakuandika kitu. "Wazee wangu, naulizia sifa za kisheria. Meneja anatakiwa awe na stashahada. Kama hana, hawezi kuendelea."

Aliyejibu ni meneja mwenyewe, ambaye muda wote alikuwa ameinamisha kichwa. "Andika darasa la saba, afisa. Usihangaike na hawa."

Afisa akaandika, taratibu sana. Sikuweza kumlaumu. Nadhani sheria ile ilitungwa kwa sababu vipo vyama vilivyofia mikononi mwa watu waliosifiwa hivi hivi, na makofi wakapigiwa. Lakini nilimtazama meneja akikunja mikono yake yenye sugu, nikashindwa pia kufurahi.

Tulipokuwa tunatoka, yule bibi alimshika afisa mkono. "Mleteni huyo mwenye stashahada, mwanangu, tutampokea vizuri. Ila na sisi tutamwuliza sifa."