Mfua mashuka aliyekataa kukaa pembeni

Jua halijachomoza, na tayari chumba cha kufulia cha hospitali kimejaa mvuke. Mashine tatu zinanguruma. Ya nne imekufa tangu mwaka jana, na kazi yake inafanywa na mikono ya mwanamke mmoja aliyeinama juu ya karo la zege, akisugua doa la damu kwenye shuka jeupe.

Wenzake wanamwita Mama Povu. Yeye anasema jina hilo lilitokana na sabuni. Wao wanasema lilitokana na mdomo.

Anapolikunja shuka lililokwisha kukauka, midomo yake inachezacheza. Anamwombea mtu atakayelilalia. Hamjui ni nani, wala anaugua nini. "Mwenye shuka Mungu anamjua," anasema. "Mimi napeleka salamu tu."

Kisha ananyoosha mikono. Ncha za vidole vyake ni laini, zinang'aa kama bakuli lililosuguliwa mno. Ile mistari ambayo kila binadamu anazaliwa nayo haipo. Miaka ishirini na miwili ya sabuni kali na dawa ya kung'arisha nguo imeimaliza.

"Mume wangu ananitania," anasema huku akicheka. "Eti, 'Mke wangu, wewe hata ukiiba, polisi watakuachia.'"

Katika uchaguzi uliopita, vidole hivyo havikumchekesha mtu. Aliomba ruhusa kazini, akakatwa ujira wa siku nzima, akapanga foleni toka asubuhi. Mashine ya alama za vidole haikumtambua. Karani akamwambia akae pembeni, ataitwa.

Alikaa pembeni mpaka kituo kikafungwa.

"Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenifukuza. Walinisahau tu, kama kijiko kilichobaki chini ya maji machafu." Anachukua shuka jingine. "Jioni binti yangu akaja mbio kunionyesha kidole chake chenye wino. Ilikuwa kura yake ya kwanza. Akaniambia, 'Mama, na wewe nionyeshe.' Mkono wangu nikauficha chini ya meza."

Usiku ule, anasema, aliomba dua moja tu: asisahaulike tena.

Mwaka huu zimetengwa siku tatu za kura ya mapema kwa watakaokuwa zamu siku ya uchaguzi mkuu: wauguzi, walinzi, wazimamoto, wapishi na wafuaji wa hospitali. Siku ya kwanza peke yake, zaidi ya nusu ya wanaohusika walijitokeza. Hakuna aliyetarajia.

Redioni wachambuzi wakaanza kuichambua foleni. Mmoja akasema wingi ule ni hasira, serikali inaondoka. Mwenzake akasema ni shukrani, serikali inabaki. Wakavutana mpaka muda wa matangazo ya biashara.

"Hasira ninayo, na shukrani ninayo, maana bado napumua," anasema Mama Povu. "Lakini nilikwenda siku ya kwanza kwa sababu nyingine. Mashine ikinikataa leo, nina siku mbili za kugombana nayo."

Hakuwa peke yake. Mbele yake katika foleni alisimama mwosha vyombo wa jikoni mwa hospitali. Nyuma yake, mlinzi wa lango ambaye mchana hubeba mifuko ya saruji. Kila mmoja alikuwa na dawa yake ya kurudisha alama za vidole. Mwosha vyombo alikuwa amelala na vidole ndani ya mafuta. Mlinzi aliapa kwamba hajanawa vizuri toka juzi.

"Ndiyo maana nzi wamekuchagua wewe," Mama Povu akamwambia, na foleni nzima ikacheka.

Lakini alipofika mezani, kicheko kiliisha. Kidole gumba: hapana. Cha shahada: hapana. Karani, kijana mwenye adabu, akajaribu vyote kumi, akaifuta mashine kwa kitambaa, akarudia.

"Mama, samahani. Kaa pembeni kwanza, tutakuita."

Neno lilikuwa lilelile. "Nilikuwa nimemwomba Mungu anipe nguvu za kusimama," anakumbuka Mama Povu. "Akanipa nguvu za kukaa."

Akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa ukutani, akakiweka mbele ya meza ya karani, akaketi na mkoba wake mapajani.

"Mama, hapo unaziba njia."

"Najua, mwanangu. Pembeni nilikaa mara ya mwisho. Miaka mitano sasa, sijaitwa."

Msimamizi wa kituo akaja. "Mama yangu, unawachelewesha wenzako."

"Hatuna haraka!" mlinzi akapaza sauti. "Na sisi vidole vyetu ni hivyohivyo!"

"Mama Povu, usiinuke!" akadakia mwosha vyombo, ambaye naye alikuwa ameambiwa angoje pembeni.

Mama Povu akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, palipobandikwa kanuni kwa herufi kubwa: asiyetambuliwa na mashine atambuliwe kwa kadi na picha yake mbele ya mawakala wa vyama, ikiwa hakuna mwenye pingamizi. "Simwombi mtu fadhila," akasema. "Nataka hicho mlichobandika wenyewe."

Msimamizi akaitazama karatasi, akaitazama foleni, akawageukia mawakala wa vyama viwili vikubwa. Watu hao wawili walikuwa wamebishana asubuhi nzima, hata juu ya mahali pa kuweka sanduku.

"Mna pingamizi?"

"Hapana," wakajibu kwa pamoja. Kisha wakatazamana kwa mshangao.

Mama Povu anacheka mpaka anashika ubavu. "Kila mmoja alidhani kura yangu ni ya kwake! Huyu ananitabasamia, na yule ananikonyeza. Na mimi nikawatabasamia wote wawili."

Alimpigia nani? Anairudisha mikono karoni. "Hilo ni langu na Mungu wangu. Waambie na wale wa redioni."

Baada yake mwosha vyombo na mlinzi walipiga kura kwa njia hiyohiyo. Kesho yake Mama Povu alipita wodi hadi wodi akiwauliza wenzake nani alikataliwa. Aliwakuta saba waliokuwa wameambiwa wakae pembeni, wakaenda zao nyumbani. "Rudini," akawaambia. "Na mkifika, kaeni mbele." Siku ya tatu, saba hao walirudi. Wachambuzi wakasema wimbi linapanda.

Uchaguzi mkuu ni wiki ijayo. Siku hiyo Mama Povu atakuwa zamu toka asubuhi hadi usiku, lakini roho yake itakuwa kituoni na mumewe, fundi mwashi ambaye vidole vyake vimeliwa na saruji. Naye mara iliyopita mashine ilimkataa. Alisusa, akaapa hatakanyaga tena pale.

Jumamosi Mama Povu alirudi nyumbani na kigoda kipya, akakiweka karibu na mlango.

"Cha nini hicho?" mumewe akamuuliza.

"Chako. Cha kwenda nacho kupiga kura."

Mzee alikizunguka kigoda, akakigonga mguu mmoja kwa kiganja kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Kisha akakikalia.

"Kinayumba," akasema.

"Basi kirekebishe. Una wiki nzima."

Kesho yake asubuhi, Mama Povu alipokuwa akitoka kwenda kazini, alimkuta mumewe uani na msasa mkononi.