Machozi ya Mjomba Feruzi

Juzi msibani nilimwona mwanamume akilia sana, kisha akafuta uso na kuulizia chakula kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikamkumbuka Mjomba Feruzi, kaka yake mama.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, mimi na mama tulikuwa na mjomba kwenye ufukwe wa Ujiji, ulionuka dagaa walioanikwa. Mwanamke mmoja, mkimbizi kutoka Burundi, alikuwa akimtafuta mwanawe. Mjomba alimkumbatia, akalia naye. "Pole dada. Nilimzika mwenyewe, kule Ilagala."

Niliona mjomba wangu ana huruma kuliko watu wote. Sikujua kuna watu wanaolia bila kuumia.

Yule mwanamke alianza kutembea kuelekea ziwani. Mjomba akatujia akitabasamu, mashavu bado yamelowa.

"Ulimzika kweli?" mama akamuuliza.

"Hata simjui. Nilitaka tu kuona atafanyaje."

Mama alikimbia, akamkuta maji yakimfika kifuani, akamvuta huku akimwambia ni uongo. Mjomba alisimama akiwatazama kama mtu anayetazama mpira.

Tulimpeleka yule mwanamke nyumbani, tukakomea mlango. Mjomba akaja kugonga, taratibu, akaniita kwa sauti yake tamu ileile: "Mwanangu, nifungulie."

Mama aliniziba mdomo.