Bega la kulia la Mwalimu Hamadi

Tangu jana naishika simu ili nimwandikie Hamadi, kisha nakumbuka kwamba tumemzika.

Kwa wengi wenu alikuwa mwalimu wa biologie hapa Rumonge. Kwangu alikuwa mtoto wa mama mkubwa, na rafiki niliyekua naye kwenye mkeka mmoja.

Mnakumbuka alivyoleta kichwa cha sangala darasani? Alikipasua mezani akawaonyesha cervelet, ule ubongo mdogo wa nyuma unaoufundisha mwili kusimama. Directeur akalalamika harufu. Hamadi akamwambia elimu ya Rumonge lazima inuke samaki.

Kisha akaanza kuyumba, na mji ukasema amelewa. Yeye, ambaye hakuwahi kuonja hata urwarwa wa harusini, ile pombe ya ndizi.

Mama mmoja muuza mawese alimtania njiani: “Mwalimu, leo umekunywa mu chupa ya nani?”

“Ya kalsiamu, mama. Iko chungu sana.”

Hakuwa anatania tu. Madaktari walikuwa wamemweleza kuhusu kimeng'enya kinachongoja kalsiamu ndipo kipitishe ujumbe. Kipo kwenye neva za ubongo na uti wa mgongo, na kimejaa zaidi kwenye seli kubwa za cervelet. Chake kilikuwa na kasoro ya kuzaliwa.

“Wewe karani, mgonga mihuri, utanielewa,” aliniambia. “Barua iko, mkubwa iko, lakini cachet inagonga pembeni.”

Msikitini, Mzee Juma, jirani yetu, alihama safu ili asisimame karibu na Hamadi. Tangu siku hiyo nilisimama kulia kwake, bega kwa bega. Ndani ya safu iliyobanana, hakuna aliyejua nani anayumba.

Shuleni hakukuwa na safu. Alikuwa akishuka ngazi peke yake alipoanguka, na hakuamka tena.

Babu yetu, aliyewazaa mama zetu, naye aliitwa mlevi. Hamadi alinieleza kwamba ugonjwa huu hutembea katika damu, akaniomba nikapimwe. Nikamwambia baada ya Ramadhani. Ramadhani ilipita, sikwenda, naye hakuniuliza tena.

Siku hizi ofisini najikuta nikitembea juu ya mstari wa vigae, nikitazama miguu yangu. Juzi niligonga cachet kwenye cheti cha kuzaliwa, ikaenda pembeni. Nilikaa nikiitazama mpaka mwenye cheti akakohoa.

Jana kwenye sala ya jeneza, goti langu lilicheza. Huenda ni kilio tu. Mzee Juma alikuwa kulia kwangu. Safari hii hakuhama. Alinisogelea, akanikaza bega mpaka tukatoa salamu. Kisha akaniuliza polepole:

“Na wewe, mutoto?”



Hamadi, kesho napanda basi kwenda Bujumbura kutoa damu ipimwe. Naogopa, na wewe ndiye ningekuomba unisindikize.

Tumekulaza kwa ubavu wa kulia, upande niliokuwa nasimama mimi. Sasa udongo ndio unaokushika bega. Lala, ndugu yangu, huanguki tena.