Wateja wa Soda Tupu

Jumatatu mchana niliingia kwenye mgahawa mdogo wa Majengo, wa mama mmoja aliyefiwa na mumewe, dereva wa lori. Ugali na samaki vilikuwa tayari, lakini kila mteja alikuwa na soda tu.

"Leo hamli?" mama aliuliza.

"Tumeshiba, mama," alijibu karani mmoja, akifuta mdomo wa chupa kwa leso.

Mji mzima ulishanong'ona kwamba marehemu alikufa kwa UKIMWI. Mama akajipakulia, akaketi katikati yao, akala taratibu huku akiwatazama. Nikanawa, nikala naye. Wengine wakatoka mmoja mmoja.

Siku hizi mlango umefungwa. Juzi nilimsikia karani yule akilalamika kwamba Majengo hakuna tena anayepika kama nyumbani.