Kidole Kilichofungwa kwa Ukucha

Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya usafi ya lazima, tukifyeka majani mbele ya ofisi kama kila mtu alivyoamriwa, panga liliniteleza likanikata kidole cha kati cha mkono wa kushoto, upande wa kiganja. Kidole kikabaki kimenyooka. Nilikiambia kijikunje, hakikusikia. Nilikuwa mpiga taipu wa ofisi ile, na mpiga taipu bila kidole anarudi kwao kulima.

Daktari alisema kano, ile kamba inayokunja kidole, imekatika. Aliishona. Kisha akanifunga plasta ngumu mgongoni mwa mkono, kiganja kimeinama, akatoboa ukucha, akapitisha uzi, na uzi ule akaufunga kwenye utepe wa mpira alioukata kwenye glavu, hadi kwenye kifundo cha mkono. Niliruhusiwa kunyoosha kidole polepole mpaka kiguse plasta, halafu nikiachie, mpira ukirudishe. Basi.

“Citoyenne,” daktari alionya, akiniita ‘mwananchi’ kwa Kifaransa kama desturi ya siku zile, “usikikunje kwa nguvu yako. Ukikunja, mshono wa ndani unaachia.”

Shangazi yangu alishuka kutoka Nyantende kuja kunipikia na kuniogesha, akiacha maharagwe yake bila kupaliliwa. Kijijini kwao yeye ndiye hukanda walioteguka. Aliponiona alipiga yowe.

“Banafunga mutoto wangu sawa mbuzi! Mushipa itakaukia vile. Lete mukono, tunyooshe na maji ya moto.”

Nikawa mfungwa mara mbili. Sikuweza kufunga kitenge changu wala kuchana nywele. Mvua ilinyesha, nyumba ilikuwa chumba na sebule, na kila asubuhi sufuria ya maji ya moto ilinisubiri pamoja na siagi ya ng'ombe. Nilikaa nimeukumbatia mkono wangu, nikiviziwa na mtu aliyenilisha kwa kijiko. Nilimpenda, na kuna siku nilitamani ateleze matopeni avunjike mguu, ajikande mwenyewe.

Tuliporudi hospitalini alimvaa daktari bila hata salamu. Daktari hakubishana. Alifungua kamba ya mgomba iliyofunga kifurushi cha shangazi, akaikata katikati, akazishona ncha mbili kwa mshono wa moja kwa moja.

“Maman, vuta.”

Alivuta. Uzi ukazichana nyuzi za mgomba, ukatoka mtupu. Daktari akashona upya: sindano ikaingia kwenye ncha, ikapanda na nyuzi, ikakata kwenda pembeni, ikakamata ukingo, ikarudi upande wa pili, na fundo likafichwa kati ya ncha mbili. Shangazi akavuta, ikashika. Akavuta kwa nguvu zake za jembe, na hapo ncha zikaachana, pakaonekana uwazi mdogo.

“Mushipa yake iko vile ndani,” daktari alisema. “Ukiinyoosha na maji ya moto, inaachana vile.”

Shangazi aliugusa ule uwazi kwa ncha ya kidole. Tangu siku hiyo akawa askari magereza. Wageni walionyoosha mkono kunisalimu aliwapiga vibao. Alinikataza kushika kikombe hata kwa mkono mzima. Sufuria ilirudi jikoni, lakini mlango wangu ulifungwa zaidi kuliko mwanzo. Nilichoka naye mpaka machozi.

Siku ya kutolewa plasta, mkono ulitoka mwembamba, unanuka. Daktari alikata mpira.

“Sasa kunja.”

Sikuweza. Hakukuwa na maumivu, niliogopa tu. Kila nilipotaka kukunja, niliuona ule uwazi kwenye kamba ya mgomba. Nikaanza kulia mbele ya daktari kama mtoto, nikijua kwamba taipu yangu imekwenda.

Shangazi alisogea. Akaweka kidole chake cha shahada, kigumu kwa jembe, katikati ya kiganja changu, kama anavyofanyiwa mtoto mchanga.

“Shika.”

Kidole changu kilikwama nusu ya njia, kikaja. Kikamgusa, kikafunga. Shangazi alijaribu kukichomoa kidole chake taratibu.

“Haya, uniachie sasa. Maharagi yangu imeshakuwa pori.”

Sikumwachia.