Mwendo Mmoja wa Taa na Mionzi

Mama yangu ni fundi cherehani, na akishasema hapana, hata ukimletea ukoo mzima unajisumbua bure. Alipokatwa uvimbe titini na daktari akaagiza apigwe mionzi, alisema hapana. Mimi, bintiye, ndiye ninayeendesha mashine ya mionzi hospitalini. Nilikasirika, lakini zaidi niliogopa, maana ugonjwa ule haumsubiri mtu amalize kununa.

Aliyemjaza maneno ni mteja wake mmoja, mjuaji wa kila kitu, aliyekuja kupunguziwa sketi. Alimwambia mionzi ina mbio kupita mwanga, ndiyo maana inatoboa mwili.

Nilimfuata Mama kibandani kwake, nikavuta stuli.

"Mama, mawimbi yanayoleta sauti kwenye redio yako, mwanga wa taa hiyo na mionzi yangu, vyote vinakwenda mwendo mmoja. Hakuna kinachompita mwenzake."

"Usinifanye mtoto. Mbona redio hainitoboi?"

Macho yangu yakaangukia cherehani.

"Kitambaa kikipita kwa mwendo ule ule, sindano inatoboa mara nyingi wapi, kwenye mshono mrefu, wa hatua ndefu, au mfupi, wa hatua za karibukaribu?"

"Mfupi. Swali gani hilo?"

"Basi redio ni mshono mrefu mno, taa ni mfupi, mionzi yangu ni mfupi kupita kiasi. Mbio ni zile zile."

Akachukua kipande cha kitambaa, akashona mistari miwili, mmoja wa hatua ndefu, mmoja wa karibukaribu. Akaipapasa kwa kidole.

"Kwa hiyo inatoboa kweli."

"Inatoboa, Mama. Ndiyo kazi yake. Tunailenga pale ugonjwa ulipokuwa."

Akazima cherehani. "Nitakuja. Ila yule mjuaji asijue, atasema ndiye aliyenishauri."

Siku yenyewe nilimlaza, nikauinua mkono wake juu ya kichwa chake, nikamwambia asitikisike. Nilipoelekea mlangoni akauliza, "Wewe, unakwenda wapi?"

"Nje. Wewe unapigwa kidogo, upone. Mimi niko hapa kila siku, kwa kila mgonjwa. Nikibaki nitaumia."

Mlango ule huwa naufunga bila kufikiri. Siku hiyo mkono uligoma. Nilisimama nikimwangalia, mdogo chini ya mashine ile kubwa.

"Bado upo?" akasema, bila kugeuza shingo. "Toka, na uufunge vizuri. Sikukuzaa uje utobolewe."

Nikatoka, nikaufunga, nikabonyeza kitufe huku nalia.