Swali Nililoshindwa Kumwuliza Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja huko juu Newala, Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alisoma kadi niliyoijaza akanirudishia. "Umeandika homa, umeandika tumbo. Choo hukumwuliza?"

Nikasema mgonjwa ni sawa na baba yangu, nimeona haya.

"Yeye naye anaona haya kusema. Sasa nani ataanza?"

Nikajifunza kuanza mimi. Siku zile maji yalipandishwa kutoka bondeni vichwani mwa wanawake, na watu waliyanywa kwa kubania. Ugali wa makopa, ule wa muhogo mkavu, maji kidogo, mboga kidogo: uchafu unakaa kwenye utumbo mpana siku nne, tano, unakauka. Miaka ikipita mtu anapata bawasiri, uvimbe wa mishipa kwenye njia ya haja kubwa, kwa sababu ya kujikamua. Wengine utumbo hurefuka, ukalegea, mwisho ukajisokota. Nilipohamishiwa Masasi, Mganga Mkuu wa Wilaya alizisifu kadi zangu mbele ya wenzangu, nami nikavimba kichwa.

Wakati huo mama wa mke wangu, Mama Somoe, alihama kijijini Mkunya, huko huko Newala, kuja kukaa nasi. Bomba lilikuwa uani, lakini yeye alibaki na kikombe chake kimoja cha maji kwa siku. Mara mbili niliona pakiti ya haluli, dawa ya kufungua choo, pembeni ya mkeka wake. Nikageuza uso. Kwetu mama mkwe hata kumtazama usoni ni kazi, sembuse kumwuliza haja kubwa.

Asubuhi moja tumbo lilimjaa likawa gumu, hata hewa ya tumboni haitoki. Tukamkimbiza hospitali ya Ndanda. Daktari wa upasuaji alikata kipande cha utumbo kilichojisokota, akatoka kuniuliza, "Tabibu, huyu alikuwa anakaa siku ngapi bila choo?"

Sikujua. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Sasa nimestaafu, na matabibu vijana huja kuniuliza dawa ya wanaokosa choo. Nawaambia maji, kisamvu, mapapai, kutembea. Kisha nawasimulia siku Mama Somoe alipoweza kuinuka na kukaa kitandani pale hospitali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Zuhura." Akaangalia shuka. "Masasi nzima ulikuwa unawauliza. Na mimi nilikuwa nangoja zamu yangu."